Kasha la njumu limepasuka kifuniko baada ya kuhamishiwa Dodoma: je, nikubali ushauri wa fundi?

Mjukuu wa Ngamiani aliuliza:

Ndugu mafundi na wapenda samani za kale, salaam. Ninalo kasha la njumu nililoachiwa na marehemu bibi yangu, lenye urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 55. Lina droo tatu chini, na limekaa juu ya miguu ambayo haikuungwa nalo bali inalibeba tu. Uso wa mbele na kifuniko vimepambwa kwa vipande vya bati la shaba vilivyokatwa nakshi, na pembezoni mwake kuna safu za misumari ya shaba yenye vichwa vilivyobenuka. Kwa muda wote ambao watu wa nyumbani wanaukumbuka, kasha hili lilikaa Tanga, si mbali na bahari. Mwaka jana nilihamishiwa Dodoma kikazi, nikalichukua, nikaliweka sebuleni mahali pasipofikiwa na jua wala mvua.

Kiangazi kilipokolea, kifuniko kilipasuka kwa urefu wake, kutoka ncha moja hadi karibu na ya pili, na ufa wenyewe sasa una upana wa milimita 5 hivi. Mikanda miwili ya shaba inayokatiza kifuniko kutoka nyuma kwenda mbele imejikunja na kuinuka kidogo katikati, na baadhi ya misumari yake imelegea. Yako pia mambo ya zamani ambayo hayakuletwa na safari: misumari kadhaa ya mbele haipo, mingine ina rangi tofauti na wenzake, upande wa nyuma ulipakwa rangi ya mafuta ya kijani, droo ya katikati haifunguki kabisa, na ubao wa chini una vitundu vidogo vinavyotoa unga.

Nimemwita fundi wa mtaani kwetu. Ushauri wake ni kung'oa shaba yote, kupitisha mashine ya msasa mpaka mbao ziwe mpya, kuziba ufa kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, kupaka vanishi inayong'aa, kisha kupigilia misumari mipya inayouzwa kwa pakiti. Bei yake si mbaya na kazi zake nyingine nimeziona ni safi. Hata hivyo, moyo wangu unasita. Naomba mnieleze kwa nini kifuniko kimepasuka ilhali kasha halikuanguka wala kugongwa, kama ushauri huu unafaa, namna ya kuisafisha shaba, na namna ya kuutambua mti uliotumika. Nyumbani kila mtu ana jina lake: wapo wanaosema msaji, wapo wanaosema mvule.

Seremala wa Malindi, Unguja, alijibu:

Ndugu Mjukuu wa Ngamiani, mzuie kwanza fundi huyo asilete mashine, kisha tuzungumze.

Kasha lako limepasuka kwa sababu mbao hutembea na shaba haitembei. Ubao, hata uwe umekatwa miaka 100 iliyopita, hunywa unyevu wa hewa na kuutoa kufuatana na mahali ulipo. Unapotoa unyevu hupungua upana, wakati urefu wake hauguswi kwa kiasi cha kuonekana. Katika hewa ya pwani yenye unyevu mwingi, mbao iliyo ndani ya nyumba hukaa na maji ya kadiri ya asilimia 15 ya uzito wake mkavu. Katika ukavu wa kiangazi cha Dodoma inaweza kushuka hadi asilimia 9 au chini ya hapo. Msaji ni miongoni mwa miti mitulivu, lakini hata wenyewe, ukiwa umepasuliwa kwa mkato wa kawaida, hupungua takriban sehemu 2 katika kila 1,000 ya upana wake kwa kila asilimia moja ya unyevu inayopotea. Piga hesabu kwa kifuniko cha sentimita 55 kilichopoteza asilimia 6: utapata zaidi kidogo ya milimita 6. Ubao uliopasuliwa kwa kufuata mishale ya kiini, yaani mistari inayotoka katikati ya gogo kwenda kwenye ganda, hupungua kama nusu ya kiasi hicho, ndiyo maana makasha mawili yaliyosafiri pamoja yanaweza kufika na hali tofauti.

Sasa tazama ile mikanda miwili ya shaba. Imepigiliwa nyuma na mbele, ikikatiza upana wa kifuniko. Mbao ilipotaka kupungua, misumari iliizuia. Mkanda ukabanwa na kujikunja pale ulipokuwa mwepesi, na mbao ikaachia pale ilipokuwa dhaifu. Basi hata ukiziba ufa kwa ufundi wa aina gani, ikiwa mikanda itarudishwa na kukazwa kama ilivyokuwa, kiangazi kijacho utapata ufa mwingine pembeni mwa ule uliozibwa. Hapo ndipo ninapotofautiana na fundi wako, kabla hata ya kuzungumzia mashine yake: anatibu ufa, na kilichouleta anakipigilia upya.

Ningefanya hivi. Ningeliacha kasha litulie humo sebuleni bila kuligusa mpaka upite mwaka mzima wa hali ya hewa ya Dodoma, masika na kiangazi, nikiweka alama ya penseli kwenye ncha za ufa na kupima upana wake mara kwa mara. Ufa unaojifunga kidogo wakati wa mvua na kufunguka wakati wa ukavu unaonyesha kwamba mbao bado inapumua kama kawaida. Kisha ningeng'oa misumari ya mkanda kwa upande wa mbele peke yake, polepole, kwa kisu chembamba na kabari ya mti, nikiangalia kwanza kwa ndani kama ncha za misumari zilikunjwa, kwa sababu msumari uliokunjwa ukivutwa kwa nguvu hung'oka na kipande cha mbao. Matundu ya mkanda upande huo ningeyarefusha kwa tupa ndogo, yawe marefu kuelekea upana wa kifuniko, milimita 3 au 4 tu. Vichwa vya misumari ni vipana na vitayafunika, kwa hiyo hakuna atakayeona tofauti, na mbao itaweza kwenda na kurudi chini ya shaba bila kuvutana nayo.

Mikanda ikishalegezwa, jaribu kuusukuma ufa kwa mikono. Ukijifunga kwa nguvu ya mikono miwili, unaweza kuugundisha. Usipojifunga, usiulazimishe kwa klempu, maana gundi itashika na mbao itapasuka mahali pengine. Jaza nafasi hiyo kwa kijiti kilichorandwa kutoka mti wa aina ile ile, chenye mishipa inayokwenda sambamba na ya kifuniko. Unga wa mbao na gundi ni kitu kigumu kisichokwenda na mbao. Baada ya misimu michache hupasuka, hudondoka vipande, na gundi yake huacha doa ambalo mafuta wala nta haitapenya.

Kuhusu gundi, mimi hutumia gundi ya ngozi inayopashwa moto. Haishindi gundi za kisasa kwa nguvu, lakini fundi atakayekuja baadaye ataweza kuifungua kwa maji ya moto na kisu bila kuvunja kitu. Gundi ya epoksi ikishaingia ndani ya kasha la namna hii haitoki. Ikiwa mti ni msaji, futa pande za ufa kwa spiriti muda mfupi kabla ya kugundisha, kwa sababu mafuta yake ya asili huizuia gundi isishike.

Mti wenyewe utautambua chini ya droo au ndani ya miguu, mahali ambapo hapakupakwa kitu. Kwangua kidogo kwa kisu. Msaji utakupa rangi ya hudhurungi yenye udhahabu, utateleza vidoleni kama uliopakwa mafuta, na harufu yake inakaribia ngozi kuukuu. Shishamu, mti wa Kihindi wa jamaa moja na mpingo wetu, ni mzito zaidi na una michirizi myeusi inayopishana na hudhurungi. Mvule huanza na umanjano na kukolea kadiri unavyokaa kwenye mwanga, mishipa yake imepishana, na mara nyingine ndani yake mna vijiwe vyeupe vinavyoharibu makali ya randa. Makasha mengi ya pwani yalikuja kwa majahazi kutoka Surat na Bombay, ama yalitengenezwa huku kwa kufuata mtindo wa huko, kwa hiyo msaji na shishamu ndiyo ningeitazamia kwanza. Lakini mafundi wa hapa walitumia kila mbao njema waliyoipata, na si ajabu ukakuta kifuniko ni cha mti mmoja na ubao wa nyuma ni wa mti mwingine.

Mashine ya msasa sitaizungumzia kwa urefu. Rangi ile nyeusi yenye kina unayoiona imekaa katika unene usiofika milimita moja, na ikishaondoka hakuna dukani panapouzwa nyingine.

Mfua Shaba, Mombasa, alijibu:

Nakubaliana na Seremala katika yote aliyoyasema juu ya mbao. Nitaongeza juu ya shaba, kwa kuwa watu wengi huilinda mbao kwa uangalifu kisha wakaiua shaba kwa ndimu.

Anza na sumaku, hata ile ndogo ya mlango wa jokofu. Ipitishe juu ya kila msumari. Shaba haivutwi, msumari utakaonasa ni wa chuma kilichopakwa rangi ya shaba, yaani miongoni mwa ile inayouzwa kwa pakiti kwa ajili ya makochi, na huo ni badiliko la baadaye. Sumaku ikivuta kidogo tu, huenda kichwa ni cha shaba na mguu, yaani sehemu inayoingia mbaoni, ni wa chuma. Hiyo iangalie kwa makini, kwa sababu shaba na chuma vinapogusana katika hewa ya chumvi, chuma huliwa upesi zaidi kuliko kingekuwa peke yake. Kutu yake huvimba ndani ya tundu, ikasukuma mbao na kuipasua kwa ndani. Hapa msaji una heri yake, kwa kuwa mafuta yake huchelewesha kutu, na hiyo ni moja ya sababu wajenzi wa meli waliupenda. Ukiona duara jeusi limeuzunguka msumari, hilo ni chuma kilichokutana na maji na utomvu wa mti, wala si uchafu wa kusugua.

Kuhusu usafi, najua kwamba katika nyumba zetu za pwani masinia na mabuli yamesuguliwa kwa ukwaju, ndimu na majivu tangu zamani, nayo yameishi. Sinia, hata hivyo, huoshwa kwa maji mengi mara baada ya kusuguliwa. Bati lililopigiliwa juu ya mbao huwezi kuliosha hivyo. Asidi na chumvi hubaki chini ya ukingo wa bati na kuzunguka miguu ya misumari, na baada ya muda inaota kutu ya kijani isiyokoma. Tena shaba ya njano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, mara nyingi kwa kadiri ya theluthi mbili kwa theluthi moja, na asidi huitangulia zinki. Ndiyo sababu shaba iliyoachwa na ndimu kwa muda mrefu hutoka na wekundu kama wa waridi; umeichuna zinki usoni, na huirudishi kwa kusugua.

Jihadhari pia na dawa za kusafishia zenye amonia, zile zinazochoma pua. Bati lililofuliwa kwa nyundo lina mkazo ndani yake, na amonia huliingia mahali penye mkazo na kulipasua. Jeshi la Waingereza huko India lilisumbuliwa sana na jambo hili: maganda ya shaba ya risasi yaliyohifadhiwa karibu na mazizi yalipasuka yenyewe wakati wa mvua za monsuni, kwa sababu ya amonia itokayo kwenye mkojo wa farasi. Mikanda yako iliyojikunja ni mahali pa kwanza ningepaogopea.

Njia salama ni ya taratibu. Futa vumbi kwa brashi laini. Tumia pamba iliyoloweshwa kidogo kwa spiriti kuondoa mafuta na mabaki meupe ya dawa za zamani yaliyoganda kwenye nakshi, ukijaribu kwanza pembeni, kwa sababu spiriti huyeyusha baadhi ya rangi za kupaka juu ya mbao. Palipobaki weusi usioupenda, changanya unga laini sana wa chaki na spiriti, sugua kwa kitambaa cha pamba, ufute, kisha uache. Kata karatasi ngumu yenye tundu la ukubwa wa kichwa cha msumari na uiweke juu ya mbao unaposugua, ili uchafu usiingie katika vinyweleo vya mti. Usitafute mng'ao wa dhahabu. Shaba ya kasha la umri huo ina haki ya kuwa na rangi ya asali iliyokolea, na weusi unaobaki ndani ya nakshi ndio unaoifanya nakshi isomeke. Mwisho pitisha nta nyembamba, si vanishi. Vanishi juu ya shaba hubanduka vipande vipande, na kila palipobanduka pataweka doa.

Misumari inayokosekana usiinunue kwa pakiti. Mfua shaba yeyote mwenye subira anaweza kuifanya: hukata duara katika bati la shaba, hulipasha moto mpaka liwe na wekundu hafifu ili lilainike, huliacha lipoe, kisha huligonga juu ya kishimo kilichochongwa katika mpingo mpaka libenuke, na mguu wa shaba huushika kwa lehemu ya fedha. Utaona rangi yake ni mpya ikilinganishwa na ya wenzake. Hilo si kasoro, na ningekusihi usikubali ipakwe dawa ya kuizeesha. Itakaribiana na mingine yenyewe, na kwa sasa inafaa ijulikane ipi ni ya zamani na ipi ni ya juzi.

Mpiga Randa wa Keko, Dar es Salaam, alijibu:

Ndugu zangu, nimesoma kwa makini, na mengi nimeyapenda, ila nitamtetea kidogo fundi wa Dodoma. Wateja wengi wanaotuletea vitu vya zamani husema kwa midomo yao wenyewe kwamba wanataka ving'ae kama vipya. Fundi akisema atapaka nta na kuacha weusi, mteja huenda kwa jirani. Amejibu soko linavyomfundisha, na mtu mwenye mikono safi anaweza kufundishika akielezwa kazi inayotakiwa.

Pia siafiki kwamba lazima usubiri mwaka mzima ukiwa na ufa wazi, hasa kama nyumba ina watoto na kasha linatumika. Ipo njia ya katikati. Chukua kijiti alichokieleza Seremala, kirande kiwe chembamba kidogo kuelekea chini, kisha kigundishe upande mmoja tu wa ufa. Upande wa pili ukae umegusana bila gundi. Wakati wa ukavu utaona mstari mwembamba kama unywele. Wakati wa mvua utajifunga. Kifuniko kitafanya kazi, vumbi halitaingia, na siku utakaporudi Tanga kijiti hicho kinaweza kupunguzwa kwa mpapaso mmoja wa randa kabla hakijaanza kusukumana na mbao inayovimba. Kijiti kilichogundishwa pande zote mbili kwa upana wa kiangazi cha Dodoma kitaleta balaa kikipelekwa pwani, na hili Seremala hakulitaja.

La ubao wa chini ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote, na ajabu ni kwamba limepita bila kuzungumzwa. Unga laini kama wa ngano unaotoka katika vitundu vya milimita moja au mbili ni kazi ya mdudu anayekula wanga uliomo katika mbao changa ya pembeni mwa gogo. Kiini cha msaji hakimpendezi, kwa hiyo inaelekea ubao huo ni wa mti mwepesi. Weka karatasi nyeusi chini yake, usilisogeze kasha, na uangalie kama unga mpya unadondoka. Usipodondoka, mdudu alishaondoka zamani, na vitundu ni historia tu. Ukidondoka, toa droo, uligeuze kasha, na upake upande wa chini, ambao hauna vanishi, maji ya uvuguvugu yaliyoyeyushwa boraksi na asidi ya boriki, mara kadhaa mpaka mbao ishibe. Mafuta ya taa ambayo kila mtu atakushauri hukimbiza waliopo juujuu, yakikauka kazi yake imekwisha, na mpaka hapo umeweka kitu kinachoshika moto chini ya nguo. Ubonyeze ubao kwa dole gumba. Ukizama, ubadilishe wote. Sioni dhambi katika kubadilisha ubao wa chini usioonekana. Nimewahi kuona makasha ya pwani yaliyowekwa viraka vya debe la mafuta kwa ndani, na wenyewe waliendelea kuyatumia bila kumwomba mtu radhi.

Mjukuu wa Ngamiani aliandika tena:

Nawashukuru sana, wazee wangu. Nimepitisha sumaku kama nilivyoelekezwa. Misumari ya kifuniko yote haivutwi, ya mbele mingi haivutwi, na ile yenye rangi tofauti imenasa mara moja. Nimekwangua chini ya droo ya kushoto: mbao inateleza, ina udhahabu, na harufu ni ile ile ya ngozi. Ubao wa chini ni mweupe na mwepesi, naamini Mpiga Randa amesema kweli. Karatasi nyeusi nimeiweka.

Nimebaki na maswali matatu. Rangi ya kijani ya nyuma iondolewe vipi bila mashine? Je, droo ya katikati nimwage mafuta ili ilegee? Na juu ya mbao, kama si vanishi, nipake nini?

Seremala wa Malindi, Unguja, alijibu:

Mpiga Randa amenisahihisha vyema kuhusu kijiti, na njia yake ya kugundisha upande mmoja naikubali kwa mtu asiyejua atakaa wapi baada ya miaka mitano. Kwa mtu mwenye uhakika kwamba kasha halitaondoka Dodoma, bado ningesubiri.

Tuanze na droo, kwa sababu mafuta usimwage hata tone. Fikiri: kasha limetoka penye unyevu likaenda penye ukavu, kwa hiyo droo zote zilipaswa kulegea. Mbili zimelegea, moja imekataa. Basi kinachoizuia si uvimbe wa mbao. Ondoa droo za pembeni, ingiza mkono na tochi, utazame kama kuna msumari uliotokeza, ubao wa chini ulioshuka na kuibana, au komeo lililoanguka. Tazama pia ndani ya kasha, hasa chini ya kijisanduku cha pembeni ikiwa kimo, kama upo msumari mrefu au kijiti kinachoshuka hadi kwenye droo. Watu wa zamani walipenda kuficha, na droo inayokataa kuvutwa kwa mbele huenda ilifungwa kwa makusudi kutokea juu. Ukivuta kwa nguvu utabaki na kitasa mkononi.

Rangi ya kijani ichukulie kama yenye madini ya risasi mpaka ithibitike vinginevyo, kwani rangi nyingi za mafuta za zamani zilikuwa nayo. Hiyo ni sababu nyingine ya kuifukuza mashine ya msasa: vumbi la rangi hiyo likiingia mwilini ni sumu, na kwa watoto wadogo ni baya zaidi. Tumia dawa ya kuondolea rangi iliyo nzito, ipake sehemu ndogo ukiwa nje ya nyumba na umevaa glavu, isubiri ilainishe, kisha kwangua rangi ikiwa bado mbichi kwa kijiti cha mti mgumu badala ya chuma, na mabaki uyafunge katika mfuko. Kostiki soda usiikubali kabisa; hunyonya mafuta ya msaji, huifanya mbao iwe nyeusi na kavu, na huendelea kutoka katika vinyweleo siku nyingi baada ya kuoshwa. Lakini nitasema wazi kwamba mimi ningeiacha. Iko nyuma, inaelekea ukutani, haimdhuru mtu ikiwa haibanduki, na yaelekea mtu wa nyumbani kwenu aliipaka kwa sababu alizoziona.

Juu ya mbao paka nta ya nyuki. Nta ya Tabora ni njema na haina gharama kubwa. Yeyusha sehemu moja ya nta katika chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kiondoe mbali na jiko, kisha ndipo uongeze sehemu tatu za tapentaini halisi ukikoroga. Usiongeze juu ya moto, kwa kuwa mvuke wake hulipuka. Ikipoa itakuwa laini kama siagi. Paka kidogo sana kwa kitambaa, subiri, kisha sugua kwa kitambaa kingine kikavu. Wengine watakushauri mafuta ya kitani. Yanafaa kwa miguu na mahali palipokauka sana, ila huzidisha weusi, na vitambaa vilivyolowa mafuta hayo vikirundikwa pamoja hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka. Vitandaze nje vikauke kabla ya kuvitupa. Ndani ya kasha usipake kitu chochote. Harufu itaingia katika nguo na haitatoka.

Fundi wako wa mtaani usimwache. Mpe kijiti, mikanda na ubao wa chini. Kazi hizo zinahitaji mkono uliotulia, na umesema mkono wake ni safi. Mwandikie kwa maneno machache mambo yasiyofanywa: msasa wa mashine, epoksi, vanishi, na kung'oa shaba ambayo haikulegea. Misumari ya mbele iliyonaswa na sumaku, ile isiyoleta kutu iachwe mpaka mibadala iwe tayari, ili matundu yasizibe uchafu. Na kabla hujamtafuta mfua shaba wa hapo Dodoma, pima upana wa kichwa cha msumari mmoja wa zamani na unene wa ukingo wake, uhesabu matundu matupu, uweke vipimo hivyo hapa, ili ndugu yetu wa Mombasa akwambie ni bati la unene gani la kununua.

Mfua Shaba, Mombasa, alijibu:

Vipimo navisubiri. Ongeza na urefu wa mguu, ukiupima kwa msumari uliojitoa wenyewe, na uangalie kama mguu ni wa pembe nne au wa mviringo, kwa sababu mguu wa mviringo ukiingizwa katika tundu la pembe nne hautashika mwaka.